Uvimbe Mpole

Daktari alikuwa na foleni ndefu nyuma yetu, na sidhani alitumia hata dakika tatu. Alifungua bahasha, akasoma, akamtazama mama akatabasamu kidogo. “It's benign, mama. Mrudi baada ya miezi 6.” Akaandika tarehe kwenye kadi, akaita jina la anayefuata.

Tulipofika kwenye korido mama alisimama kando ya benchi, leso ameishika kidevuni. “Amesemaje?”

Neno lenyewe nilikuwa nalijua, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nililikuta darasa la saba, kwenye orodha ya maneno kumi tuliyopewa kila Jumatatu tuyakariri kufikia Ijumaa, na mbele yake mwalimu alikuwa ameandika “kind, gentle”. Nilitunga sentensi ya nyanya yangu: “My grandmother is a benign old lady.” Nikawekewa tiki nyekundu. Sasa neno lile lile lilikuwa limesemwa juu ya titi la mama yangu, na sikuelewa upole umeingiaje hapo. Nilikumbuka tu kwamba madaktari wana maneno mawili wanayoyatumia kuhusu uvimbe, moja la heri na moja la shari, na kwamba hili ni mojawapo. Lipi? Tabasamu la daktari halikunisaidia. Watu hutabasamu pia wanapotaka kukupa pole.

“Amesema turudi baada ya miezi 6.”

“Basi?”

“Basi.”

Hakuuliza tena. Kwenye matatu alinilipia nauli. Tangu nianze kazi sijamwacha alipe, lakini siku hiyo aliusukuma mkono wangu, akampa makanga pesa za watu wawili, akageukia dirisha. Nikajua amesoma uso wangu, na alichokisoma humo ni kifo.

Kwa siku mbili mama aliishi na saratani ambayo hakuwa nayo. Alimpigia simu mama mdogo aliye Mombasa wakazungumza hadi salio likaisha. Alifungua sanduku lake, akatoa vipuli vya dhahabu alivyovifunga kwenye kitambaa, akaniuliza kama mdogo wangu atavitunza au ataviuza. Usiku wa pili nilimsikia yuko macho saa nane, kabla hata ya muda wake wa kuamka kukata mahamri. Mama anapika mahamri na mbaazi hapa Majengo, Pumwani, na wateja wake wa alfajiri wanamjua kwa sauti kabla hawajamwona. Asubuhi ile hakumwita mtu.

Utauliza kwa nini sikutazama kwenye simu. Simu ninayo. Niliandika neno lile mara tatu na mara tatu nikalifuta kabla ya kubonyeza, kwa sababu niliogopa jibu lingenirukia machoni. Siku ya tatu, saa ya chakula cha mchana, nilitoka dukani Biashara Street ninakouza vitambaa, nikapita ubavuni mwa Msikiti wa Jamia, nikapanda ngazi za maktaba ya McMillan katikati ya wale simba wawili wa mawe. Jumba lile lilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kukaa humo kusoma. Niliomba kamusi. Nilitaka kulifikia neno polepole, ukurasa kwa ukurasa, kupitia B, kupitia BE, ili nikilifikia niwe nimejiandaa.

Kulikuwa na maana ya kwanza, ile ya nyanya yangu. Chini yake maana nyingine: ya uvimbe usio hatari, usio wa saratani.

Nilirudi dukani nikamwomba tajiri ruhusa. Nilimkuta mama ameketi kwenye kigoda, karai mbele yake, anakanda unga wa siku inayofuata. Nilichutama nikamwambia kila kitu bila kupumua: kwamba si saratani, kwamba uvimbe hausambai, kwamba nilikuwa sijaelewa, kwamba anisamehe. Nikamweleza pia, sijui kwa nini, kwamba neno hilo hilo la Kiingereza husemwa juu ya mtu mwenye roho nzuri.

Mikono yake ilibaki ndani ya unga. Alifikiri kidogo. “Kwa hiyo ni uvimbe mpole,” akasema.

Mpole! Nimelichukua jibu hilo nikatembea nalo mwaka mzima. Kamusi ilihitaji maana mbili zenye namba mbili kueleza kitu ambacho mama alikiona ni kimoja. Nyanya mpole, ng'ombe mpole asiyepiga mateke, bahari iliyotulia, uvimbe unaokaa mahali pake bila kumdhuru jirani. Na bila kuulizwa akaongeza: “Yule mwingine ndiye mkorofi.” Yule mwingine ni “malignant”, na sijapata kuona mahali popote alipoelezwa vizuri zaidi.

Tangu siku hiyo nimeanza kujifunza Kiingereza upya, nikiwa mtu mzima, maneno magumu hasa, na nataka kueleza ninavyofanya, kwa sababu ninaamini wengi wetu tulifundishwa vibaya na tunaendelea kuumia kimyakimya katika korido kama ile.

Tulifundishwa neno kama kito cha kuvaa. Insha ya Kiingereza ilipata alama kwa idadi ya maneno mazito uliyoyapachika, kwa hiyo ndege walilia kwa neno refu, jua lilichomoza kwa neno refu zaidi, na hakuna aliyejali kama unaweza kumweleza mtu maana yake. Shuleni kwetu kulikuwa na diski, kipande cha mbao chenye kamba, na ukinaswa ukisema Kiswahili siku ya Kiingereza unakivaa shingoni hadi umnase mwenzako. Nilikivaa mara nyingi. Nilichojifunza kutoka kwa kile kibao ni kwamba lugha hizi mbili hazitakiwi kukutana. Kiingereza kikae chumba chake, Kiswahili kikae jikoni. Kwa hiyo “benign” ilikaa chumba chake miaka kumi na tano, na siku niliyoihitaji jikoni haikujua njia.

Sasa ninafanya kinyume. Neno likinijia, swali la kwanza ni ndugu zake ni nani. Hili Mswahili hapaswi kulishangaa hata kidogo, maana sisi tumelelewa na lugha yenye koo. Kitabu, katibu, maktaba: mtoto wa darasa la nne anaweza kusikia zile k, t na b zikigonga mlango mmoja, hata kama hajaambiwa kuwa zimetoka Kiarabu kwenye tendo la kuandika. Kutoka kwenye kusoma tuna somo, msomi, kisomo, usomaji. Kiingereza nacho kina koo zake, ila nyingi zimetoka Kilatini na Kigiriki, na mwalimu wangu hakuwahi kututambulisha kwao.

Anza na malaria, ugonjwa ambao hakuna asiyeujua hapa. Neno ni la Kiitaliano, hewa mbaya, kwa sababu watu wa zamani waliamini homa ile inaletwa na hewa ya mabwawa. Ile “mal” ya mwanzo ni ubaya. Ukiishika hiyo mkononi, umeishika “malice”, umeishika “malnutrition”, umeishika “malfunction”, na umemshika yule mkorofi wa mama, “malignant”. Upande wa pili kuna “bene”, wema: “benefit”, “benefactor”, “benevolent”. Na “benign” yenyewe kwa asili yake ni aliyezaliwa vema. Miaka 15 nilikuwa na ufunguo wa neno lile ndani ya jina la homa iliyonilaza kila nilipopelekwa ushago nikiwa mtoto.

Ama chukua mochari. Tunasema mochari kila siku, na “mort” yake ni kifo. Jioni ninasomea uhasibu, na neno lililonitesa muhula mzima lilikuwa “amortise”. Mwalimu alisema ni kupunguza thamani au deni kwa vipindi, nikanakili, nikasahau, nikanakili tena. Siku niliyoona mochari ndani yake nililielewa mara moja: ni kuliua deni, kidogo kidogo, hadi life. Na “mortgage”, mkopo wa nyumba, ni rehani iliyokufa. Nilipomwambia mama kwamba mkopo wa nyumba na mochari ni ukoo mmoja alinitazama kana kwamba nimemwambia maji yanalowesha.

Nilitaka pia kujua kwa nini Kiingereza kina maneno mawili matatu kwa kila kitu, jingine la nyumbani na jingine la kupandia kiti. Sababu kubwa ni vita. Mwaka 1066 William wa Normandy alivuka bahari akaitwaa Uingereza, na kwa karne tatu hivi wakubwa walisema Kifaransa huku wanyonge wakisema Kiingereza. Ndiyo maana mnyama akiwa malishoni, mikononi mwa mchungaji, ni “cow”, na akifika mezani kwa bwana ni “beef”. Sisi ng'ombe wetu anabaki ng'ombe hadi kwenye sahani, na ninalipenda hilo. Ndiyo maana pia kuna “ask” ya nyumbani, “question” iliyopitia Ufaransa, na “interrogate” ya Kilatini inayonuka kituo cha polisi. Lakini hata sisi tuna kuuliza, na tuna kusaili na usaili kutoka Kiarabu, na kila Mswahili anasikia ni ipi inayofaa kusemwa ofisini.

Kuna jambo moja katika historia hiyo lililonifanya nifunge kitabu nikakaa. Mwaka 1362, Waingereza walilazimika kutunga sheria ili kesi ziendeshwe kwa Kiingereza, kwa sababu watu walisimama kortini bila kuelewa yaliyosemwa kwa ajili yao au dhidi yao. Na sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa! Kwa hiyo nao walipita hapa. Nao waliwahi kusimama kwenye korido wakiulizana, amesemaje? Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 50, inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo kama haelewi lugha ya kesi yake. Natamani mtu huyo huyo angesimama kila mahali mwananchi anapoambiwa habari za mwili wake.

Wengi hukata tamaa kwa sababu wanafikiri maneno hayana mwisho. Kweli ni mengi. Kamusi kubwa ya Oxford ilianza kuchapishwa kwa vipande mwaka 1884 ikakamilika 1928, na toleo la pili la 1989 lina vitabu 20. Hakuna anayeyajua yote hayo, wala hakuna anayetakiwa kuyajua. Paul Nation, mtaalamu wa New Zealand, alikadiria mwaka 2006 kwamba koo 8,000 hadi 9,000 za maneno zinatosha mtu kusoma riwaya au gazeti bila msaada. Angalia, alihesabu koo, neno pamoja na watoto wake. Na mwaka 2000 Averil Coxhead alikusanya koo 570 zinazojirudia katika maandishi ya kitaaluma ya kila fani. Hizo 570 ndizo nilizoanza nazo. Mtu anayejua ukoo wa mal na wa mort hafiki 570 akiwa mikono mitupu.

Kamusi yangu mwenyewe niliinunua kwa wauza vitabu wa inama, wale wanaotandika mzigo wao chini pembeni ya barabara hadi uiname ndipo uone. Ni toleo la zamani la kamusi ya wanafunzi iliyoanzishwa na A. S. Hornby, Mwingereza aliyekuwa akifundisha Japani. Ilichapishwa kwanza huko Japani mwaka 1942, halafu Oxford wakaichapisha 1948. Inanigusa kwamba ilitungwa kwa ajili ya watu ambao hawakunyonya Kiingereza, na mwandishi alikuwa na nyuso zao mbele yake alipokuwa akichagua namna ya kueleza.

Kuhusu kukumbuka sitasema mengi. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alijipima mwenyewe akachapisha matokeo mwaka 1885: kingi tunachojifunza hukimbia mwanzo mwanzo, halafu kinachobaki hutoka taratibu. Dawa ni kulirudia neno linapokaribia kutoroka. Mwenzake wa baadaye, Sebastian Leitner, alieleza mwaka 1972 namna ya kutumia sanduku lenye vyumba: kadi unayoijua inasogea chumba cha mbele na kurudiwa kwa nadra, unayoikosa inarudi chumba cha kwanza. Langu ni boksi la viatu lenye vyumba vitano, na kadi nilizikata kwenye maboksi yanayofika dukani na vitambaa.

Ila kadi zangu zina sharti moja ambalo sikulisoma popote. Neno haliondoki chumba cha kwanza mpaka nimeweza kumweleza mama, na mama amelipa Kiswahili chake.

Tunafanya usiku, anapokanda. Mimi nakaa kwenye jiko lililozimwa, boksi mapajani. Kwenye ripoti ya picha ya tumbo lake mwaka uliopita waliandika kwamba ini ni “unremarkable”. Darasani ningesema ni kisicho cha ajabu, na mgonjwa angefikiri ini lake limedharauliwa. Nilimweleza mama: daktari amelitazama na hakuona kitu cha kumtia wasiwasi. “Ini halina neno,” akasema, akaendelea kukanda. Ndivyo hasa. “Chronic” ina ile “chron” ya Kigiriki, muda, na yeye akaniambia sugu. “Acute” imetoka kwenye ukali, kama ncha, na nikakumbuka kwamba hesabu za Kiswahili zinaiita pembe ile pembe kali, na mama kwa upande wake akasema homa kali iliyokuja ghafla. “Biopsy” nilimgawia polepole, uhai na kuona. Kisha nikamwonyesha ndugu yake “autopsy”, kujionea kwa macho yako, na hapo akaniomba tuendelee na lingine.

Lililotuchukua usiku mzima lilikuwa “resilient”. Kila siku linaandikwa kwenye mabango ya mjini, na kila ninapoliona limefasiriwa ustahimilivu huhisi kuna kitu kimeanguka njiani. Ustahimilivu ni kubeba. Neno hili kwa asili yake ni kuruka kurudi nyuma, ukibonyezwa unarudi ulivyokuwa. Nilihangaika nalo, nikatoa mfano wa springi ya kitanda, nikatoa mfano wa mpira. Mama alinyamaza. Mwishowe akakusanya unga uliokandwa na iliki na tui la nazi, akaufanya donge la mviringo, akabonyeza kidole katikati. Tundu likabaki, halafu taratibu mno likaanza kupanda, unga ukijijaza kutoka chini, hadi pale paliposhimika pakawa na kivuli tu, halafu hata kivuli kikaisha. “Hivi?” akauliza.

“Hivi.”

“Huu umeumuka. Ungekuwa haujaumuka ungebaki na shimo.” Tukakubaliana kwamba neno lake ni kunesa, na kadi ikasogea chumba cha pili. Sijaweza tena kuliona bango lile bila kunusa iliki.

Kuna wanaoniambia ninajidumaza, kwamba mtu akitaka Kiingereza cha juu sharti afikiri kwa Kiingereza tangu alfajiri. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Nimewaona watu waliosoma wakipanda jukwaani katika mikutano ya mtaa wakitupa maneno mazito kama mtu anayetupa mawe juu ya bati, na wazee wakitikisa vichwa kwa heshima huku hawajaambulia kitu. Nimeona barua ya mwenye nyumba ikimwambia mjane alipe “forthwith”, naye akadhani ni jina la tarehe. Mtu aliyeiandika alilijua neno. Ninachotaka mimi ni kulijua kiasi kwamba yule mjane akinishikia barua mlangoni niseme “mara moja”, bila kusita, bila kumfanya ajione mdogo. Kufika hapo kunadai Kiingereza kingi zaidi, na Kiswahili kingi zaidi pia. Mara nyingi kadi hukwama chumba cha kwanza kwa sababu Kiswahili changu ndicho kilichopungua, na ni mama anayenivusha.

Miezi 6 ilipotimia tulirudi. Daktari alikuwa mwingine, kijana, na foleni ilikuwa ile ile. Nilikuwa nimejiandaa na maneno yangu yote, lakini mama alinitangulia.

“Daktari,” akasema, “nataka kujua kama ule uvimbe wangu bado ni mpole.”

Kijana akainua macho kutoka kwenye faili. Akavuta pazia, akampima kwa makini, akachukua muda wake. Aliporudi kuketi alisema, “Bado ni mpole, mama. Haujakua.” Akaanza kumweleza kwa Kiswahili jinsi ya kujipima mwenyewe nyumbani, na mama akamuuliza maswali manne, akajibiwa manne yote.

Tukiwa kwenye ngazi za kushuka mama alinishika mkono, akaonyesha kibao juu ya mlango wa upande wa pili. Kiliandikwa “Oncology”. “Na lile pale?”

Nilikuwa nalo kwenye boksi. Nikamwambia kwamba “onkos” kwa Kigiriki ni uvimbe au uzito, kwamba lile ni neno la elimu ya uvimbe, na kwamba humo ndimo wanamotibiwa wenye wale wakorofi. Hakusema kitu. Alisimama pale akalitazama tena, herufi kwa herufi, midomo ikilisoma kwa sauti ya chini, huku watu wakitupita ngazini wakipanda na kushuka.